Baden-Powell, jenerali aliyeacha jeshi na kwenda kukaa na watoto kando ya moto

Kila tarehe 22 mwezi wa pili, maskauti wa mashariki mwa Kongo, sawa na wenzao duniani kote, wanafunga fulari shingoni na kumkumbuka mtu ambaye wengi wanamtaja kwa herufi mbili tu: B.P. Picha yake wanaijua: mzungu mzee mwenye masharubu, kofia pana na kaptula. Ahadi na sheria alizoandika wanazijua kwa kichwa. Lakini ukiwauliza alikuwa mtu wa namna gani, na kitu gani kilimfanya jenerali aache kazi ya jeshi na kwenda kukaa na watoto, wengi wananyamaza. Historia yake ina mambo mazuri na mengine ya aibu, na sehemu kubwa yake ilifanyika hapa Afrika, ambako ndiko alikozikwa.

Robert Baden-Powell alizaliwa London mwaka wa 1857. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kanisa la Anglikana na profesa wa hesabu kwenye Chuo Kikuu cha Oxford. Alikufa mwaka wa 1860, Robert akiwa na miaka mitatu. Mama yake, Henrietta Grace, akabaki mjane na kundi la watoto wa kulea. Alikuwa mwanamke mwenye msimamo mkali: kila mtoto wake lazima afike mbali. Wakati wa likizo kaka zake wakubwa walimchukua Robert kwenye safari za mashua na za miguu, na kwa kuwa alikuwa mdogo wao, kazi za kupika na kusafisha zilimwangukia yeye. Baadaye alisema mara nyingi kwamba masomo yake makubwa aliyapata huko, si darasani.

Darasani kwenyewe hakuwa mtu wa kusifiwa. Alisoma kwenye shule ya Charterhouse, ambayo mwaka wa 1872 ilihama kutoka London na kwenda Godalming, mji mdogo wenye miti mingi. Karibu na shule kulikuwa na msitu ambao wanafunzi walikatazwa kuingia. Robert aliingia. Alijifunza kutembea bila kuvunja kijiti, kukaa kimya mpaka mnyama amsahau, kukamata sungura na kumpika kwa moto mdogo usiotoa moshi ili walimu wasimwone. Jioni alikuwa mtu wa kuchekesha: aliigiza, aliimba, alipiga miluzi, alichora. Tunaomba msomaji aweke akilini mambo haya mawili, msitu na jukwaa, kwa sababu baadaye alivitumia vyote viwili.

Alishindwa kuingia Oxford. Akafanya mtihani wa jeshi, akafaulu vizuri, na mwaka wa 1876 alipelekwa India akiwa ofisa kijana wa wapanda farasi. Huko ndipo alipoanza kuonyesha tabia ambayo haikuwa ya kawaida katika jeshi la wakati ule. Maofisa wengi waliamini kwamba askari ni mtu wa kusukumwa kwa amri. Yeye aliwagawanya askari wake katika vikundi vidogo vya watu wachache, akampa kila mmoja kazi ya kwenda peke yake usiku, kutazama, kukumbuka na kurudi na habari. Waliofaulu aliwapa alama ya kushona kwenye nguo, yenye umbo la ncha ya kaskazini ya dira. Alama hiyo ndiyo iliyozaa ile ambayo skauti wa leo anaivaa kifuani. Mafundisho hayo aliyaweka katika kitabu kidogo cha askari kilichotoka mwaka wa 1899.

Hapa hatuwezi kupita haraka. Kazi ya Baden-Powell Afrika ilikuwa kazi ya ukoloni. Mwishoni mwa 1895 alikuwa kwenye msafara wa Waingereza dhidi ya Waashanti, katika Ghana ya leo, msafara uliomkamata mfalme Prempeh. Mwaka wa 1896 alikuwa vitani dhidi ya Wandebele, katika Zimbabwe ya leo. Huko chifu Uwini, aliyekuwa tayari mfungwa, alihukumiwa na mahakama ya kijeshi ambayo Baden-Powell mwenyewe aliiitisha, na akapigwa risasi. Wakubwa wake walifanya uchunguzi wakamsafisha. Doa hilo halikutoka. Mtu anayetaka kumfundisha kijana habari za B.P. na kuruka ukurasa huo hamtendei kijana haki.

Kisha ikaja Mafeking. Mwezi wa kumi mwaka wa 1899, vita vilipoanza kati ya Waingereza na Makaburu huko Afrika Kusini, Baden-Powell alikuwa mkubwa wa mji huo mdogo wa reli. Makaburu waliuzunguka kwa siku 217. Walikuwa wengi kuliko watu wake na walikuwa na mizinga mikubwa. Yeye alitegemea ujanja. Alizika masanduku yaliyojaa mchanga na kutangaza kwamba ni mabomu. Aliwaamuru askari wainue miguu kana kwamba wanavuka waya wa miiba, kumbe waya haukuwepo, ili adui anayetazama kwa darubini aamini kwamba upo. Taa moja iliyotengenezwa kwa kopo la biskuti ilizungushwa kutoka ngome hadi ngome ili ionekane kuna nyingi. Siku ya Jumapili, mizinga iliponyamaza, alipanda jukwaani na kuwachekesha watu.

Lakini njaa haikuchekesha. Waafrika wa mji huo walipata chakula kidogo kuliko wazungu, na wengine walisukumwa watoke nje ya mji wakati adui amewazunguka. Wengi walikufa. Hata hivyo Wabarolong, wenyeji wa mahali pale, walipigana kuulinda mji, na sifa ilipotolewa London jina lao halikutajwa sana. Kijana mmoja Mwafrika aliyekuwa mkalimani wa mahakama, Sol Plaatje, ambaye baadaye alikuwa mwandishi na mwanasiasa mkubwa wa Afrika Kusini, aliandika kila siku aliyoyaona. Daftari lake lilichapishwa mwaka wa 1973 tu. Wanahistoria bado wanabishana juu ya kiasi cha lawama kinachomwangukia Baden-Powell.

Ndani ya Mafeking kulikuwa na kikundi cha wavulana wazungu, wengine wenye miaka tisa au kumi tu, ambacho ofisa msaidizi wake, Edward Cecil, alikipanga. Hawakupewa kazi ya kupigana. Walibeba barua na habari, walisaidia hospitalini, walikaa zamu ya kutazama. Kwanza walipanda punda, na punda walipoliwa kwa njaa, wakapanda baiskeli. Mkubwa wao alikuwa Warner Goodyear, kijana wa miaka kama 13, aliyepewa cheo cha sajenti-meja. Mji ulipochapisha tembre zake za posta, moja ilikuwa na picha ya Goodyear juu ya baiskeli yake. Baden-Powell alishangaa. Watoto ambao kila mtu aliwaona ni mzigo walikuwa wanafanya kazi kwa uaminifu kama watu wazima, kwa sababu tu mtu aliwaamini na kumweka mwenzao kuwa kiongozi wao. Jambo hilo halikumtoka kichwani.

Mji ulikombolewa tarehe 17 mwezi wa tano mwaka wa 1900. London ilicheza usiku kucha. Baden-Powell, akiwa na miaka 43, akawa jenerali, na watoto wa Uingereza wakaanza kumwandikia barua. Aliporudi kwao mwaka wa 1903 alikuta jambo ambalo hakulitegemea: kile kitabu chake cha askari kilikuwa mikononi mwa watoto na walimu. Wavulana walikuwa wanakitumia kuchezea vichakani. Mwaka wa 1904 alialikwa Glasgow kutazama gwaride la chama cha vijana cha William Smith, chama cha Kikristo kilichokuwa na maelfu ya wavulana. Smith alimshauri akiandike upya kitabu chake kwa ajili ya vijana. Wakati huo Baden-Powell alikuwa anaona mitaa ya miji ya Uingereza ikijaa vijana wasio na kazi wala mwelekeo, wanaovuta sigara na kutazama mpira ambao wengine wanaucheza.

Hakuanza na kitabu. Alianza na jaribio, na hapo ndipo panapotuhusu zaidi.

Tarehe 1 mwezi wa nane mwaka wa 1907 alifungua kambi ya siku nane kwenye kisiwa kidogo cha Brownsea, kusini mwa Uingereza, akiwa na wavulana wapatao 20. Nusu walitoka kwenye shule za matajiri. Wengine walikuwa watoto wa wafanyakazi wa miji ya jirani. Katika Uingereza ya wakati ule watoto hao wasingekaa meza moja. Matajiri walilipa pauni moja, maskini walilipa shilingi tatu na nusu, na wote wakalala kwenye hema zile zile. Aliwagawanya katika vikundi vinne, vile ambavyo maskauti wetu wanaviita patrouille: Mbwa-mwitu, Fahali, Kunguru, na kikundi cha nne kilichopewa jina la ndege wa pwani mwenye mdomo mrefu. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake, kijana mwenzao, na kiongozi huyo aliwajibika kweli kwa watu wake, mchana na usiku. Asubuhi waliamshwa kwa pembe ya tandala, yule mnyama wa porini mwenye pembe zilizopinda, ambayo Baden-Powell aliileta kutoka vita vya Wandebele.

Mafundisho yalikwenda hivi. Jioni, baada ya kula, walikaa kuzunguka moto. Baden-Powell alisimama na kusimulia. Wakati mwingine ilikuwa habari ya Mafeking, wakati mwingine habari ya mnyama, ya mpelelezi au ya mtu aliyeokoa mwenzake majini. Alibadilisha sauti, alitambaa, aliiga ndege. Yule mwigizaji wa Charterhouse alikuwa amerudi. Masimulizi yalikuwa mafupi, na ndani ya kila moja kulikuwa na jambo moja tu: kutazama vizuri, au kusema kweli, au kumsaidia dhaifu. Kisha waliimba na kulala. Asubuhi yake jambo lile lile walionyeshwa kwa vitendo, halafu vikundi vikashindana kulifanya. Siku moja ilikuwa ya kambi na kupika, nyingine ya kufuata nyayo, nyingine ya heshima na ukarimu, nyingine ya kuokoa maisha. Hakuna aliyekaa juani saa nzima akisikiliza mkubwa anahutubia.

Na adhabu? Alianzisha mahakama ya heshima, ambapo vijana wenyewe wangemhukumu mwenzao aliyekosa. Kambi ilimalizika bila mahakama hiyo kukaa hata mara moja.

Anayeongoza vijana katika nchi yetu angefanya vizuri kusimama kidogo hapo. Tunapenda hotuba. Mkubwa akija kuwaona watoto, anawapanga kwenye jua, anaanza na shukrani kwa viongozi wa parokia na wa komini, na anapofika kwenye neno lenyewe watoto wanafikiria chakula. Na mashariki mwa Kongo kuna wengine pia wanaojua kukusanya vijana kando ya moto usiku. Wanajua kusimulia, wanajua kumpa mtoto cheo na kumwambia kwamba anategemewa. Halafu wanampa bunduki. Njia inafanana sana, na ndiyo sababu inatisha. Baden-Powell alitoka vitani akiwa ameona nguvu ya njia hiyo, na aliamua kuondoa bunduki na kuacha vilivyobaki.

Kitabu chake kwa vijana kilianza kutoka mwezi wa kwanza mwaka wa 1908, kwa vipande sita, kimoja kila wiki mbili, kila kipande pensi nne, bei ambayo mtoto wa mfanyakazi angeweza kuchangisha na wenzake. Hakukigawanya katika sura kama vitabu vingine. Alikigawanya katika masimulizi ya kando ya moto. Katika mojawapo anaeleza habari ya mvulana mchungaji wa kondoo aliyempita mtu asiyemjua, amekaa amenyoosha miguu. Bila kumkazia macho, mvulana aliona jinsi misumari ilivyopangwa chini ya viatu vyake. Baadaye ikajulikana kwamba bibi kizee ameuawa karibu na hapo, na alama za viatu vile zilikuwa zimebaki kwenye ardhi. Ushahidi wa mtoto ndio uliosaidia muuaji akamatwe. Simulizi inachukua dakika chache, na kijana aliyeisikia hawezi tena kupita njiani amefumba macho. Kila baada ya simulizi, kitabu kinatoa mchezo au zoezi.

Wema pia aliufundisha kwa njia hiyo ya vitendo. Badala ya kuwaambia vijana wawe watu wema, aliwaomba tendo moja jema kila siku, hata dogo kama kuokota ganda la ndizi njiani, na wafunge fundo kwenye fulari au tai ili wasisahau mpaka wamelitenda. Mtoto wa miaka 11 hajui afanye nini na neno wema. Fundo analijua.

Mambo yaliyofuata yalikwenda haraka kuliko alivyotaka. Vijana hawakusubiri watu wazima. Walijipanga wenyewe katika vikundi na kwenda kumtafuta kiongozi. Mwaka wa 1909 maelfu yao walikusanyika Crystal Palace, London, na kati yao kulikuwa na wasichana waliokuja bila kualikwa, wamevaa kofia pana na kudai kwamba wao pia ni maskauti. Mwaka uliofuata chama cha wasichana kilianzishwa, dada yake Agnes akiwa kiongozi. Mwaka huo huo wa 1910, kwa ushauri wa mfalme Edward wa Saba, Baden-Powell aliacha jeshi baada ya miaka 34. Mwaka wa 1912 alikutana melini na Olave Soames, msichana wa miaka 22 aliyezaliwa tarehe moja na yeye, 22 mwezi wa pili. Yeye alikuwa anakaribia miaka 55. Watu walisema sana. Walioana kabla ya mwaka kwisha, wakapata watoto watatu, na Olave akawa kiongozi mkuu wa wasichana.

Wadogo nao walidai nafasi. Kwa ajili yao mwaka wa 1916 alitengeneza tawi lililofuata hadithi za Kipling za Mowgli na mbwa-mwitu, na ndio hawa ambao huku kwetu tunawaita louveteaux. Wakati huo Ulaya ilikuwa inachomana. Maskauti wengi wa kwanza, wakiwa sasa watu wazima, walikufa kwenye mahandaki ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kabla ya vita kulikuwa na watu waliotaka uskauti uwe maandalizi ya jeshi, na wengine waliomlaumu kwamba tayari ndivyo ulivyo. Baada ya vita alisema wazi zaidi kwamba vijana wa mataifa mbalimbali lazima wajuane ili wasiuane. Mwaka wa 1920 aliwakusanya kwa mara ya kwanza, London, na hapo wakamchagua kuwa Skauti Mkuu wa Dunia. Kwenye mkutano wa 1929, karibu na Liverpool, vijana kama 50,000 kutoka pande zote za dunia walikanyaga matope pamoja chini ya mvua.

Lakini kazi ambayo binafsi naiona kubwa kuliko mikutano hiyo ni ile aliyoifanya kwa viongozi. Aliona mapema kwamba chama kinaweza kuuawa na watu wazima. Wengine walitaka kuwa makomanda, wengine walimu wenye fimbo, wengine wazazi wa kubembeleza. Yeye aliwataka wawe kaka wakubwa: mtu anayecheza na vijana, anayejua kila mmoja ana shida gani nyumbani, na anayejua wakati wa kukaa pembeni. Mwaka wa 1919 shule ya viongozi ilifunguliwa Gilwell Park, karibu na London. Mtu mzima alilala kwenye hema, akapika, akaongozwa na mwenzake, kama vile mtoto. Aliyemaliza alipewa shanga mbili za mbao, na hizo ndizo shanga ambazo viongozi waliofundishwa wanazivaa mpaka leo. Katika mwongozo wake alikiri kwamba yeye mwenyewe asingeweza kuwajua na kuwalea vizuri zaidi ya vijana 16. Akawawekea wengine 32, kwa heshima ya kudhani kwamba wana uwezo mara mbili ya wake. Siri ilikuwa kwamba kiongozi haongozi wote 32. Anawaongoza wakubwa wa vikundi, na hao wanawaongoza wenzao sita au saba. Kiongozi asiyewaachia vijana madaraka, hata akiwa hodari kiasi gani, alimwona kuwa ameshindwa kazi.

Sheria yake ilisema kwamba skauti ni ndugu wa kila skauti mwingine. Afrika Kusini ilimjaribu kwa neno hilo. Wazungu wa huko walikataa kuwapokea vijana weusi, na kwa miaka mingi hao walikuwa na chama chao cha pembeni chenye jina lingine. Baden-Powell alikwenda huko mwaka wa 1936. Mapatano yaliyotoka yaliwapa vijana weusi haki ya kuitwa maskauti, lakini katika tawi lao, mbali na wazungu. Kuna wanaosema alipata kilichowezekana wakati ule. Wengine, na mwandishi huyu ni mmoja wao, wanaona kwamba mtu aliyewalaza mtoto wa tajiri na wa maskini hema moja Brownsea alipaswa kusimama imara zaidi. Vivyo hivyo alichelewa kuona hatari ya vyama vya vijana vya Mussolini na Hitler, ingawa watawala hao ndio waliofunga vyama vya uskauti katika nchi zao ili vijana wawe mali ya serikali peke yake. Mwaka wa 2020, sanamu yake iliyo Poole, ikitazama kisiwa cha Brownsea, ilitaka kuondolewa kwa ajili ya historia hiyo ya ukoloni. Maskauti wa zamani walikwenda kuilinda kwa miili yao.

Huku Kongo uskauti uliingia wakati wa Wabelgiji, kwa sehemu kubwa kupitia misheni na shule za Wakatoliki. Ndiyo maana hadi leo maneno yake mengi tunayataja kwa Kifaransa, na vikundi vingi vina makao parokiani.

Miaka yake ya mwisho Baden-Powell aliipitisha si mbali sana na sisi. Moyo wake ulikuwa umechoka, na madaktari walimtaka apumzike. Mwaka wa 1938 yeye na Olave walihamia Nyeri, nchini Kenya, kwenye nyumba ndogo iliyojengwa kwa ajili yao ndani ya uwanja wa hoteli ya Outspan. Hoteli ilikuwa ya Eric Sherbrooke Walker, aliyewahi kuwa katibu wake. Nyumba yao ya Uingereza iliitwa Pax, yaani amani kwa Kilatini. Hii waliiita Paxtu, mchezo wa maneno wa Kiingereza wenye maana ya Pax ya pili. Asubuhi alikaa barazani akitazama Mlima Kenya na kuchora ndege na wanyama. Aliendelea kuandika vitabu vidogo na kujibu barua za vijana.

Aliaga dunia tarehe 8 mwezi wa kwanza mwaka wa 1941, dunia ikiwa tena vitani. Katika karatasi zake walikuta barua za kuaga alizoziandika mapema: moja ya mke wake, nyingine za viongozi, nyingine ya maskauti wote. Ile ya maskauti ni fupi, kama masimulizi yake ya jioni. Anawaeleza kwamba ameishi maisha ya furaha, kwamba furaha haitoki katika mali wala cheo bali katika kuwafurahisha wengine, na anawaomba wajaribu kuiacha dunia ikiwa nzuri kidogo kuliko walivyoikuta.

Alizikwa kwenye makaburi ya Nyeri, upande unaotazama mlima. Jiwe la kaburi lina majina na vyeo vyake vichache, na chini yake duara lenye nukta katikati. Mgeni anaweza kudhani ni pambo. Skauti anajua: ni alama inayowekwa njiani mwisho wa mchezo wa kufuata nyayo, kuonyesha kwamba aliyetangulia ameshakwenda nyumbani. Olave alikufa Uingereza mwaka wa 1977, na majivu yake yakaletwa Nyeri kuzikwa pale pale pamoja na mume wake.